Mkono Juu ya Kopo

Mimi natengeneza radio hapa Baraka, karibu na soko, na tangu mwaka jana natengeneza pia pedali za gita. Watu hucheka wakiziona. Ni kopo la sardini, swichi, betri ndogo na vipande nilivyovichomoa kwenye radio kuukuu. Lakini ukiikanyaga, gita linanguruma mpaka akina mama wa kwaya wanashindwa kukaa. Nasema hivi ili mjue kwamba mimi si mtu wa mapepo. Kelele ikitokea, natafuta waya.

Jumamosi ile, jua likielekea kuzama, Dieumerci alinipigia simu. Ndiye mpiga gita wa kwaya ya kanisa dogo kando ya ziwa.

“Muzee Willy, pedali yako iko inalia. Hata kama siigusi, iko inalia tu. Na kesho tuko na ibada.”

Nilikwenda nikinung'unika. Wapiga gita ni hodari wa kuharibu kitu, kisha lawama kwa fundi.

Kanisa lile ni la matofali. Madirisha yana nondo, mlango ni mmoja. Dieumerci alikuwa ameunganisha bafle, ile spika kubwa, na betri ya gari, basi nikajua kelele si ya umeme wa mjini. Akakanyaga pedali.

Shhhhh... shhhhh...

“Pengine fil imekufa,” nikasema, nikigusa waya wa gita. “Uko na ingine?”

“Iko kwetu. Naenda kuileta. Nitakufungia, sheria unaijua.”

Niliijua. Tangu vyombo vyao viibwe, kila anayetoka kanisani lazima apige kufuli kwa nje, hata kama amemwacha mchungaji ndani. Nikasikia kufuli likilia. Nikasikia viatu vyake vikienda mbali.

Nikabaki peke yangu na kopo.

Kwanza nikachomoa gita. Kelele ikabaki. Nikabadilisha betri. Ikabaki. Nikainama na kuweka kiganja juu ya kopo.

Kimya.

Nilicheka peke yangu. Kila fundi anajua jambo hilo: ukigusa bati na kelele ikanyamaza, waya wa ardhi umeachia. Kazi ya dakika mbili. Nikaondoa mkono ili nichukue bisibisi.

Shhhhh... chap. Shhhhh... chap.

Sasa niliisikia vizuri. Ilikuwa maji. Na ile chap ilikuwa kasia.

Nikasema pedali imenasa stesheni fulani ya radio, maana hutokea. Nikarudisha mkono. Kimya. Nikauondoa tena, na kasia halikuwepo. Palikuwa na miguu ikitembea ndani ya maji ya kina kifupi, polepole, kama ya mtu aliyechoka. Nikarudisha mkono. Nikahesabu hadi kumi. Nikauondoa.

Miguu ilikuwa juu ya mchanga.

Nikang'oa waya wa bafle. Nikafungua kopo, nikatoa betri, nikaitupa chini ya mabenchi.

Krach... krach... krach...

Changarawe. Na changarawe iko nje ya kanisa, ikianzia pale mchanga unapokwisha. Sauti haikutoka tena kwenye bafle. Ilitoka nyuma ya ukuta.

Niliogopa, nasema wazi. Nikabandika mkono juu ya kopo, na miguu ikasimama. Ndipo nikaelewa nilivyonaswa. Nikiuacha mkono pale, mwenye miguu ile husimama. Nikiuondoa, anasogea. Mlango una kufuli kwa nje, na hata ungekuwa wazi, yeye ndiye aliyekuwa upande ule.

Jasho likanitoka. Kopo lilikuwa la baridi, na likazidi kuwa la baridi hadi vidole vikafa ganzi. Mkono ukateleza.

Kidogo tu.

Krach.

Harufu ya tope la ziwa ikaingia kupitia nondo. Kisha sauti, ya chini, ya adabu, iliyojaa maji.

“Fundi... radio yangu imepona?”

Sauti ile niliijua. Ilikuwa ya Placide, mvuvi.

Hapa lazima niseme jambo ambalo sikumwambia mtu. Placide aliniletea radio yake mwezi wa tatu. Aliiweka mkononi mwangu akasema, “Nitengenezee mbio, fundi. Mu maji, njo inaniambiaka upepo.” Ilikuwa na ugonjwa mdogo tu. Lakini nilikuwa nahitaji transista nzuri kwa pedali ya Dieumerci, na transista ya Placide ilikuwa nzuri. Nikaing'oa. Alipokuja nikamwambia kesho. Alipokuja kesho yake nikamwambia kesho. Sisi mafundi tunalisema neno hilo kama wengine wanavyosema habari. Alikuja mara saba, na hakunikasirikia hata mara moja.

Siku upepo ulipotangazwa radioni, wenzake walivuta mitumbwi nchi kavu. Placide aliingia ziwani. Wiki tatu zimepita na mwili wake haujaonekana.

“Fundi... imepona?”

Ningeweza kuomba msamaha. Ningeweza kulia. Lakini mdomo una mazoea yake, nao ulijibu kabla yangu.

“Kesho.”

Akashusha pumzi, kama alivyofanya mara zote saba.

“Sawa, fundi. Nitakuja kesho.”

Changarawe. Mchanga. Maji.

Dieumerci alipofungua mlango alinikuta nimepiga magoti, mkono juu ya kopo. Akatazama chini ya dirisha.

“Muzee, ulimwanga maji?”

Nilikwenda nyumbani na pedali, nikaweka transista nyingine, na ya Placide nikairudisha kwenye radio yake. Ikaimba mara moja. Kazi ya nusu saa, jamani. Nusu saa! Nilikaa pale nikaona aibu.

Jumapili pedali haikuwa na kelele hata chembe. Kwaya iliimba vizuri. Lakini jioni, nilipokuwa nafunga kibanda changu, harufu ya tope ikaja.

“Fundi, radio yangu imepona?”

Alikuwa nyuma ya ubao wa dirisha. Radio ilikuwa mezani, imepona. Ilibaki kusema ndiyo, kufungua ubao na kunyoosha mkono. Lakini ni mkono gani ungenyooshwa upande wa pili? Na ukinishika, utaniachia?

“Kesho,” nikasema.

Jumatatu nikaiacha radio nje, juu ya jiwe. Jioni sauti ikasema, “Mi sipokeake kintu chini, fundi. Nilikupatiaka mu mukono.”

Jumanne nikaipeleka kwa mkewe, Rosette. Alikuwa anapanga sahani, na moja ilikuwa ya Placide. Nilimweleza yote, hata transista. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

“Siwezi kuipokea,” akasema polepole.

“Mama, nakuomba.”

“Mwili yake haiyaonekana. Hatuyalia matanga. Nikipokea kintu yake, njo nimesema amekufa, na batoto bataniuliza. Ile ni yake. Umupatie mwenyewe.”

“Anakuja kila mangaribi, Mama Rosette.”

Akaacha sahani. Macho yake yakajaa machozi, na nikaona kwamba hakuogopa hata kidogo. Alikuwa na wivu.

“Kwako anakuja,” akasema. “Huku hayafika.”

Nikarudi na radio kwapani. Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema, nami nimefika mwisho wa yangu. Hakuna wa kuipokea radio ile ila mmoja.

Jumatano nikasema kesho. Alhamisi nikasema kesho. Jana Ijumaa nilifunga mapema, nikapiga kufuli kwa nje kama watu wa kanisa, nikageuka niondoke. Alikuwa nyuma yangu. Sikutazama. Maji yalikuwa yakidondoka mchangani, tone, tone.

“Fundi, imepona?”

“Kesho, kaka yangu. Kweli kabisa, kesho.”

Akashusha pumzi.

“Sawa. Lakini miguu imechoka. Kesho nitangojea ndani.”

Leo ni kesho hiyo. Asubuhi kufuli nililikuta kama nilivyoliacha. Nikafungua. Benchi ya wateja ilikuwa imelowa. Sakafuni palikuwa na nyayo za miguu mitupu, za maji, zikitoka mlangoni hadi kwenye benchi. Nilizitafuta za kurudi.

Sikuziona.

Nimekaa hapa tangu saa ile, radio mapajani. Jua linazama. Sijasikia changarawe, wala mchanga, wala maji. Nasikia benchi tu, ikilia kidogo, kama mtu aliyekaa anasimama.

Nimenyoosha mkono.