Kiwanja Kilichosomwa Kwenye Matanga

Kila asubuhi Mama Ketsia alifungua hangari, banda la mabati, akapangusa vumbi jekundu la Bunia kwenye mashine sita za kushona, akaita majina. Wasichana waliokimbia vita huko Djugu walikuja kujifunza ushonaji. Shirika liliitwa Tushikane. Lilikuwa la wamama kumi na wanane, na hakuna aliyelipwa.

Kiwanja walikinunua kwa michango yao. Siku ya kuandika karatasi, muuzaji aliuliza, "Niandike jina ya nani?" Wote walimtaja rais wao, Mama Annette. Nani angemshuku? Wakapiga vigelegele.

Mwaka uliofuata Mama Annette akafa.

Siku ya kuondoa matanga, familia ilisoma mali ya marehemu mbele ya watu, kama ilivyo desturi. Ng'ombe wawili walioko Marabo. Redio. Kisha shemeji yake, Donatien, akasoma: "Kiwanja na hangari yake."

Mama Ketsia alitazama wenzake. Wote waliinamisha vichwa. Nani anabishana kwenye matanga?

Kesho yake mlango wa hangari ulikuwa na kufuli mpya.

"Papa Donatien, ile hangari ni ya shirika!" Mama Ketsia alimwambia.

"Ilisomwa mbele yako. Weye ulikuwa pale, ulikula hata nyama. Ulisema nini?"

"Nilikuwa ninalia."

"Basi, endelea kulia."

Wakili mmoja mjini aliwatajia bei iliyopita thamani ya mashine zote. Wasichana wakarudi kwenye kambi ya wakimbizi. Gauni la harusi lililoshonwa nusu likabaki gizani. Mama Ketsia akaacha kula.

Jirani yake, Gentille, anayesafisha sakafu kwenye tribinali, yaani mahakamani, akaingia bila kubisha.

"Unangoja kumufuata Annette? Chama ya mawakili, ile barreau, iko na biro, ofisi ya ushauri ya bure. Bamasikini banaingiaka pale, ninabaona."

"Bure? Hapa Bunia, kwenye hata maji tunauziwa?"

"Vaa viatu, mama."

Kwenye biro, wakili aliyeitwa Maître Clarisse aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Statuts yenu iko wapi?"

"Ni kitu gani hiyo?"

"Ni karatasi yenye kusema shirika ni la nani, linafanya nini, nani anaongoza, na mali ni ya nani. Mkishaiandika, mnasaini kwa notaire, mwenye kuthibitisha karatasi, mnaomba serikali iwatambue. Leo, mbele ya sheria, shirika yenu haijazaliwa. Haiwezi kuwa na kiwanja."

Mama Ketsia alitoa daftari la mikutano. Maître alisoma polepole. Ukurasa mmoja ulisema: "Mashine sita ni za Tushikane." Annette alisaini. Ukurasa mwingine ulisema: "Mama Annette amepata kiwanja. Tumshukuru Mungu."

Maître alifunga daftari.

"Mashine, tutazidai, maana Annette mwenyewe alisaini kama si zake. Kiwanja, sikudanganyi, mama. Karatasi yake iko na jina ya Annette, kile kitapotea. Mungekuja kwangu mbele ya kununua, saa moja tu ingetosha kuwaonya."

Saa moja! Mama Ketsia alilia njiani kote.

Ikawa vile. Donatien alipopata barua ya Maître, alitoa mashine. Lakini kiwanja alikiuza. Wamama walisimama barabarani wakitazama mabati yao yakibomolewa.

Walishona kwenye kibaraza cha kanisa, mvua ikiwalowesha. Wakati huo waliandika statuts na Maître, mstari kwa mstari. Ushauri wake ulikuwa bure. Ada za serikali walichanga, na kila ada waliiombea risiti. Miezi ilipita. Wamama wanne walichoka, wakaacha. Mwishowe karatasi ya kutambuliwa ikatoka.

Ndipo walipopata kiwanja kingine, kidogo, mbali na soko. Maître alisoma mkataba kwanza. Muuzaji akashika kalamu.

"Niandike jina ya nani?"

Wamama wote wakamgeukia Mama Ketsia, rais wao mpya.

"Musiniangalie," alisema. "Miye nitakufa. Andika Tushikane."