Upepo wa Futi Elfu Kumi

Kila siku masomo yalipokwisha mchana, Felista alimpelekea baba yake chakula kwenye kiwanja cha ndege cha Mtwara. Alitoka nyumbani Rahaleo na kapu lake, akakata njia katikati ya mikorosho mpaka ofisi ndogo ya hali ya hewa.

Baba yake, Bwana Kasiani, alipokea kwa redio utabiri wa pepo za juu kutoka Dar es Salaam, akauandika kwa chaki ubaoni ili marubani wausome. Kila mstari ulionyesha urefu, upande unakotoka upepo, kasi yake na joto la huko. Alimweleza binti yake kwamba hewa inaweza kutulia kabisa ufukweni Shangani, na papo hapo upepo ukavuma kwa nguvu juu mawinguni. Alimfundisha kuusoma ubao, lakini alimkataza kuugusa.

Siku moja ya Januari baba alikuwa nje akisoma vipimajoto. Felista aliponyanyua kapu kuliweka juu ya rafu, kiwiko chake kikapangusa ubao. Kwenye mstari wa futi elfu kumi, kasi ya upepo ikabaki tano peke yake. Tarakimu ya mbele ilikuwa imefutika.

Alisikia buti kwenye kokoto. Akachukua chaki, akaandika moja haraka haraka. Kumi na tano. Ndivyo ilivyokuwa jana.

Aliyeingia hakuwa baba bali rubani, Bwana Mikaeli. Alinakili namba zote, akamwambia muuguzi aliyesimama mlangoni aongeze blanketi, kwa kuwa huko juu kulikuwa na baridi. Mgonjwa wao alikuwa Mwalimu Theresia, mwalimu wa darasa la Felista, aliyelazwa kwenye machela akisubiri kupelekwa Dar es Salaam kupasuliwa tumbo. Kwa kuwa machela iliongeza uzito, rubani alijaza mafuta ya safari na akiba kidogo tu.

Ndege ilipokwisha kuruka, baba akaingia, akanawa mikono na kufungua kapu.

"Leo Mikaeli ana kazi," alisema. "Kaskazi inampiga usoni maili thelathini na tano kwa saa."

Felista aliugeukia ubao: kumi na tano. Akaiona akilini ndege ikichelewa angani, mafuta yakiisha juu ya vinamasi vya Rufiji, injini ikinyamaza, na mwalimu wake amefungwa kwenye machela. Alitaka kusema, akasita. Labda rubani angetambua mwenyewe. Labda mafuta yangetosha. Mngurumo wa ndege ulizidi kufifia, na ulipopotea kabisa hofu ya kunyamaza ikaizidi hofu ya kusema.

"Baba, ubaoni nimeandika kumi na tano. Niliifuta tatu kwa kiwiko, nikaweka moja."

Baba aliutazama ubao, akasukuma sahani, akakimbilia chumba cha pili kwa mwongoza ndege. Felista alimfuata. Mwongoza ndege aliita kwenye redio, ikajibu mikwaruzo mitupu. Akaita tena. Mwishowe sauti ya rubani ikasikika, ikaomba namba sahihi, kisha ikasema mafuta hayatoshi, anarudi.

Ndege ilipotua, Felista alimwendea rubani mwenyewe akamweleza alichofanya. Bwana Mikaeli hakumkaripia. Alishusha mizigo ya ziada ili ndege ibebe mafuta zaidi, akaenda kusimamia mafuta yaliyokuwa yakipampwa kutoka kwenye pipa. Ndani ya ndege mwalimu aliguna kwa maumivu, na kila mguno ulimchoma Felista.

Waliruka tena. Felista hakukubali kurudi nyumbani. Alikaa kwenye benchi nje ya ofisi mpaka jioni, taarifa ilipofika kwamba ndege imetua salama na mgonjwa ameshaingizwa chumba cha upasuaji. Hapo ndipo alipolia.

Baba akaketi kando yake.

"Kufuta ilikuwa bahati mbaya, mwanangu. Kuandika usichokijua ulikuwa uongo, japo ni tarakimu moja. Rubani hauoni upepo. Anaruka kwa kutuamini sisi. Ukikosea, sema palepale, hata kama unatetemeka. Leo umechelewa kusema, lakini umesema. Ungenyamaza, sasa hivi tungekuwa tunawatafuta."