Ufunguo wa Mama Euphan

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa, jua limetoka, nguo zimeanikwa. Bethia alimlisha mama mkwe wake, Mama Euphan, uji wa shayiri kitandani, mama mkwe akautema.

"Hata uji umekushinda! Unangoja nife tu, uwe bibi wa nyumba." Mama Euphan akapapasa chini ya mto. "Sahau, mwanangu. Bibi wa nyumba ni mwenye ufunguo huu."

Miaka yote ya kusimangwa kwamba hazai! Bethia alimchukia ajuza yule, tena kwa moyo wote. Alipomwona amesinzia kitandani, akauchomoa ufunguo, akaenda bustani ya kasri. Ninian mumewe, mtunza bustani, alikuwa amepeleka mboga jikoni kwa bwana mkubwa.

Mizinga ya nyuki ilikaa kwenye vishubaka vya ukuta, chini ya masanamu ya mawe. Kwetu nyuki huambiwa msiba kabla ya majirani. Unagonga mzinga kwa ufunguo wa nyumba, unanong'ona, unafunga kitambaa cheusi. Jina la marehemu halitajwi. Lakini kuwatangazia msiba mtu akiwa hai, mama yangu wee! Hilo hata walevi hawalifanyii mzaha, kwa sababu nyuki hawakubali kudanganywa. Wakiambiwa amekufa, basi atakufa.

Bethia aligonga.

"Bibi wa nyumba amekufa."

Nyuki wakanyamaza. Bustani nzima ikanyamaza. Akafunga vitambaa, akarudi mbio.

Mama Euphan alikuwa mezani. Anakula uji. Mashavu mekundu.

"Mama?"

Hakuitikiwa. Ninian akaingia, akampita mkewe bila kumtazama.

"Mama," alinong'ona, "nyuki wamefungwa vitambaa vyeusi. Nani amekufa?"

Ajuza akaenda kitandani, akainua mto. Patupu. Akacheka kidogo.

"Bibi wa nyumba, baba. Aliyeuchukua ufunguo."

"Ninian, niko hapa! Nitazame!" Bethia alimshika mkono.

Ninian akausugua mkono ule. "Mbona baridi hivi? Bethia ameacha mlango wazi tena."

Bethia hakuonekana tena.

Walipofungua mzinga kutoa asali, waliukuta ufunguo katikati ya masega, umefunikwa kwa nta. Nta ilikuwa na alama za vidole vilivyokwangua kutoka ndani. Ninian alilia kama mtoto. Mama Euphan aliusafisha ufunguo, akaurudisha chini ya mto wake.

Asubuhi nta ilikuwa imerudi, na alama ni zile zile.