Sanduku Lililofungia Spana Zake

Ndugu zangu wa Murungu, kaeni mnisikilize. Haya siwezi kuyasimulia nikiwa nimetulia, moyo bado unanienda mbio.

Nyumba ya Nkunzimana, fundi wa mashine za kusaga, mnaijua. Nyumba ya amani. Jumapili utamkuta uwanjani anaosha pikapu yake, mkewe Claudine anaanika maharage, redio inaimba kwaya. Na ile pikapu haikuwa ya Nkunzimana peke yake. Mgonjwa akizidiwa, tulimlaza kwenye ingobyi, machela yetu ya kusuka yenye miti miwili mirefu, tukaipakia nyuma, naye akaendesha hadi hospitali ya Kibondo. Hakuwahi kumkatalia mtu. Nausema wema wake mapema, maana sasa naanza kumsema.

Spana zake alizitupa tu nyuma ya gari. Mvua inazilowesha, wajanja wanazibeba. Akaamua kwenda Kasulu kununua sanduku la vifaa. Wazo zuri kabisa, nani angelipinga? Claudine, mimba yake ikiwa ya miezi minane, alimpa kamba asubuhi ya safari.

"Baba Niyonsaba, ipime ingobyi kwanza kabla hujachagua. Sanduku lisije likala nafasi ya mgonjwa."

"Nimesikia, mama," akajibu Nkunzimana. Kamba akaitundika mlangoni, akaondoka bila kupima chochote.

Kule Kasulu akamwendea Hashimu, fundi wa kuchomelea, mtu mwenye subira. Hashimu akamwonesha sanduku jembamba, refu, jeusi.

"Kaka, wewe njia zako ni za vumbi. Chukua hili. Linakaa ubavuni, juu ya tairi, katikati panabaki wazi. Chuma chake kizito, na mfuniko una mpira, vumbi halipiti."

Nkunzimana akaliangalia, akacheka. "Hili si sanduku, Hashimu. Hili ni jeneza la mbuzi."

Akavuka barabara, akaingia duka jingine. Huko alikuta sanduku la bati linalong'aa kiasi cha kujitazama ukichana nywele. Lilikaa nyuma ya kabini, kutoka ubavu hadi ubavu, likameza nusu ya bodi. Mpira halina. Bati lenyewe jepesi, ukiligonga kwa kidole linaitika. Lakini linang'aa, na kwa Nkunzimana hiyo ilitosha.

Alirudi anapiga honi tangu kule shuleni. Tulitoka wote. Nami nilipiga makofi, sitaficha. Mtu mmoja akasema sasa hii ndiyo gari ya bosi, na Nkunzimana akavimba kwa furaha. Claudine hakupiga makofi. Alizunguka nyuma, akatandaza mikono kupima nafasi iliyobaki.

"Kamba uliitumia?"

"Mama, acha mambo ya kamba leo. Watu wanaangalia."

Lishikeni neno hilo, ndugu zangu. Watu wanaangalia. Ugonjwa wenyewe ni huo.

Wiki tatu zikapita. Jumanne mchana uchungu ukamshika Claudine. Nesi Shadia wa zahanati akampima, akatoka ndani uso umebadilika.

"Mtoto amelala kukingama. Hapa hazaliwi, mama anahitaji upasuaji Kibondo, na sasa hivi. Asikae, alazwe."

Gari la wagonjwa lilikuwa mbali na mgonjwa mwingine. Tukamlaza Claudine kwenye ingobyi, tukakimbia naye hadi kwenye pikapu, tukainua. Miti ikagonga sanduku. Nusu ya ingobyi ikaning'inia nje, mlango wa nyuma haufungiki.

"Hivyo hapana," akasema Shadia. "Bonde la kwanza tu, anaanguka."

Basi sanduku litoke. Limeshikwa na bolti nne. Spana ziko wapi? Ndani ya sanduku. Ufunguo ukaingia, ukagoma kugeuka, vumbi la wiki tatu limejaa kwenye kufuli. Nkunzimana akalazimisha, ukakatika. Nilimwona kwa macho yangu, fundi anayeitwa hadi vijiji vya mbali, anakazana kufungua bolti kwa vidole, damu inamtoka kwenye kucha. Na mkewe anaugulia nyuma yake.

Claudine akafumbua macho. "Kamba bado iko mlangoni," akasema taratibu. Nkunzimana akainamisha kichwa kwenye lile bati akalia.

Sasa sikieni. Kwetu mtu na mama mkwe wake huheshimiana hata njiani hukwepana. Siku ile Immakulata, mama yake Claudine, alikuja mbio kutoka shambani na jembe mkononi.

"Mkwe wangu, unisamehe. Sogea."

Akapiga pigo moja kwenye ukingo wa mfuniko. Bati likakunjuka kama kopo la samaki. Sanduku lililomshinda mwenyewe, bibi wa miaka sitini na kitu kalifungua kwa jembe. Mwizi angehitaji nini zaidi?

Spana zilikuwa zimezikwa kwenye vumbi jekundu, lakini zilishika. Bolti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ilitoka tukiwa tumeshalinyanyua sanduku, tukalitupa migombani. Ingobyi ikaingia yote, mlango ukafungwa, Shadia akapanda upande huu nami upande huu, tumeshika miti. Sijui tulifikaje. Najua tu kwamba tulifika.

Daktari alisema tungechelewa kidogo tu, tungewazika wawili. Mtoto ni wa kiume, na jina lake Ndihokubwayo, yaani nipo kwa sababu yake Mungu. Kijiweni wanamwita Sanduku. Bibi yake akiwasikia, anauliza jembe liko wapi.

Mwezi uliofuata Nkunzimana alirudi Kasulu, ingobyi nyuma ya gari, mjini mchana kweupe, watu wanaangalia. Hashimu akatoka nje mbio.

"Kaka, umeleta mgonjwa?"

"Hapana. Nimeleta kipimo."

Lile jeusi sasa liko ubavuni mwa pikapu. Lile la kung'aa kuku wanatagia.

FUNZO

Chombo huchaguliwa kwa kazi yake na kwa watu wanaokitegemea, si kwa macho ya wapita njia. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hawakusema mkuu huyo lazima awe mwanamume. Sisi tuliopiga makofi tuna sehemu yetu katika kosa lile, na mimi wa kwanza. Makofi hayakufungua hata bolti moja. Basi, ndugu yangu, mkeo akikupa kamba, usiitundike mlangoni.