Mkunde na Chavua ya Njano

Sogeeni karibu, wadogo zangu. Leo tunapanda mlima, mpaka nyumbani kwa Mkunde.

Mkunde anakaa juu kabisa kwenye milima ya Upare, yeye na shangazi yake, Nakijwa. Mkunde ni msichana mdogo. Lakini ukimwambia ni mdogo, ananuna.

Mlangoni kwao kuna maua yaitwayo airisi, ya njano. Karibu na jiko kuna airisi ya zambarau.

Airisi ya njano huchanua mapema. Ikishanyauka, ndipo ya zambarau inapoamka. Hazijawahi kuonana hata siku moja.

Mkunde alizionea huruma. "Shangazi," akasema, "zikizaa mtoto, atakuwa na rangi gani?"

Shangazi akacheka, akasema hajui. Hapo nyumbani hakuna aliyewahi kujaribu. Basi Mkunde akasema atajaribu yeye.

Jirani yao, Mzee Mchomvu, aliwasikia akipita njiani. Akauliza kama huyo mtoto wa ua ataliwa kwa ugali. Mkunde akanuna.

Shangazi akamwonyesha unga wa njano ndani ya ua. Unga huo unaitwa chavua. Bila chavua, ua halizai mbegu.

"Tutaikausha, tutaitunza, mpaka ua la zambarau lichanue," Shangazi alisema. "Kazi ni yako. Angalia tu isipate ukungu."

Mkunde akachuma vijiti vya ndani ya ua vyenye chavua, pole pole. Akavilaza kwenye sahani. Akaviimbia:

*Kauka, kauka, chavua yangu.*
*Lala salama, usipate ukungu.*

Shangazi akaenda sokoni. Mkunde akabaki akilinda sahani.

Mara akachungulia dirishani. Loo, ukungu ulikuwa unapanda mlima, mweupe, mzito. Ukameza migomba. Ukameza banda la mbuzi. Ukaja, ukaja, mpaka dirishani.

"Huingii humu," Mkunde akauambia.

Akafunga dirisha, ka! Akaitia chavua kwenye mfuko wa nailoni, akapiga fundo. Akautia mfuko kwenye kopo, akalifunika, pu! Kisha akalisukuma kopo chini ya kitanda.

Shangazi aliporudi, Mkunde alimwambia chavua imelala mahali salama. Shangazi akaridhika. Na kila jioni Mkunde aliinama chini ya kitanda, akaimba:

*Kauka, kauka, chavua yangu.*
*Lala salama, usipate ukungu.*

Siku zikapita. Shangazi akasema sasa wataitazama. Mkunde akalileta kopo, kifua mbele.

Wakafungua kopo. Wakafungua fundo. Fff! Harufu mbaya ikatoka. Chavua ilikuwa imeota manyoya ya kijivu.

"Ukungu huo, mwanangu," Shangazi akasema.

"Lakini ukungu niliufungia nje," Mkunde akasema.

Hapo ndipo Shangazi alipoelewa. Akakaa chini, sakafuni, karibu na Mkunde.

Akamweleza. Kuna ukungu unaopanda mlima. Na kuna ukungu unaoota kwenye kitu kibichi kilichofungiwa, kama mkate uliosahauliwa. Jina ni moja, mambo ni mawili. Chavua ilikuwa bado mbichi alipoifunga.

Hakumgombeza. Alisema kosa ni lake pia, kwa kutoeleza vizuri. Siku nyingine Mkunde aulize tu, maana kuuliza si ujinga.

Mkunde akalia. Maua yote ya njano yalikuwa yamenyauka. Watangoja mpaka mwaka mwingine, na mwaka ni mrefu sana ukiwa mdogo.

Akafuta kamasi, akatoka nje. Akainua jani hili. Hamna. Akainua jani lile. Hamna.

Akazunguka nyuma ya pipa la maji, kwenye kivuli. Hapo, tumba moja la njano lilikuwa limechelewa kuamka. Moja tu.

Lilipochanua, Mkunde akachuma chavua yake, akailaza kwenye sahani. Safari hii hakufunga kitu.

"Imekauka?" akauliza. Bado. "Sasa imekauka?" Bado kidogo. Aliuliza mpaka Shangazi akachoka kujibu.

Ilipokauka kabisa, wakaikunja kwenye karatasi. Wakaitia kwenye kopo lenye mchele mkavu, kwa sababu mchele hunywa unyevu. Chaka, chaka, chaka! Kopo likaingia kwenye friji.

*Umekauka, chavua yangu.*
*Lala salama, hupati ukungu.*

Hatimaye airisi ya zambarau ikaamka. Mkunde akachukua brashi ndogo. Ndani ya ua kulikuwa na kilimi chembamba, ndicho kinachopokea chavua.

Akakipaka chavua, pa, pa, pa. Hakupumua hata kidogo.

Ua likanyauka. Mkunde akaogopa, akakosa hamu ya kula. Lakini chini ya ua likatokea tunda la kijani. Likavimba, likavimba, likakauka. Tap! Likapasuka, mbegu zikajaa kiganjani.

Akazipanda. Akangoja. Meno yakang'oka, mengine yakaota. Akaanza shule.

Kitaluni kulikuwa na majani tu. Majani, majani, majani. Mzee Mchomvu akauliza kama Mkunde amepanda vitunguu. Mkunde akanuna, akaendelea kumwagilia.

Asubuhi moja, Mkunde akiwa amevaa sare ya shule, alisimama ghafla kitaluni. Ua lilikuwa limechanua. Juu njano. Chini zambarau. Yeye hakuwa amewahi kuona ua kama lile, wala Shangazi.

Mzee Mchomvu akaja na fimbo yake. Akalitazama ua kwa muda mrefu. Akavua kofia. Akamsifu Shangazi kwa kazi nzuri.

"Mimi sikugusa," Shangazi akasema. "Mwenye ua ni huyu hapa."

"Shikamoo, babu," Mkunde akasalimia.

Mzee Mchomvu akamgeukia. Mtu akipata mtoto, huitwa kwa jina la mtoto wake, na Mzee Mchomvu alilijua hilo vizuri.

"Marahaba, Mama Airisi," akajibu.

Mkunde alikwenda shule akitembea wima kabisa. Siku nzima hakununa hata mara moja.

Usiku, Shangazi akazima taa.

"Mkunde, umelala?"

Kimya.

"Mkunde?"

Kimya. Shangazi akatabasamu gizani.

"Mama Airisi, umelala?"

"Bado, Shangazi," Mkunde akajibu. "Naringa kwanza."

Akaringa, akaringa, akaringa, mpaka usingizi ukamchukua.