Kopo Lililokauka Juu Tu

Paka? Hapana, hatuna paka. Yule wa mwisho alikufa mwaka ule theluji ilipofika madirishani. Gunia la mchanga wa paka uliloliona ghalani, ule unaonyonya mkojo wa paka wa ndani, ni la rangi. Ndiyo, rangi ya kupaka ukuta! Haya, cheka, halafu kaa nikwambie.

Hapa kwetu Minnesota, kila Mei kuna Jumamosi moja ya kutoa takataka kubwa. Watu wanaweka barabarani makochi, magodoro, baiskeli zilizopinda. Lori la mji linapita, linabeba, linapeleka dampo. Na dereva wa lori hilo ni binti yangu Tonya, mama wa mjukuu wangu Marit.

Marit, mwaka wa kisa hiki, ana miaka kumi na miwili. Mtoto mzuri, ila akianza kazi, roho yake imeshafika kwenye mchezo. Sasa kanisani kwetu kulikuwa na makopo kumi na manne ya rangi ya maji, yamebaki tangu walipopaka ukumbi. Dampo halipokei kitu kinachotiririka, hata iwe supu. Kopo la rangi unalimwagia mchanga wa paka, unakoroga mpaka chini kabisa, unaacha wazi likauke kama udongo. Kazi hiyo akapewa Marit.

Ijumaa jioni akaniita ghalani. "Babu, nimemaliza!"

Nikatazama. Makopo yote yako wazi, juu yamekauka, safi. Nikasema, "Hongera, mjukuu wangu." Mimi na uzee wangu wote sikuchukua hata kijiti nichokoe. Yeye huyo, mbio, akaenda kuchimba minyoo na rafiki yake, maana Jumapili tulipanga kuvua.

Jumamosi asubuhi Tonya akapita na lori, tukapakia makopo pembeni, akaondoka. Mimi na Marit tukaingia jikoni kumenya viazi. Mimi na mdomo wangu, nikaanza hadithi.

"Mama yako leo ana wasiwasi," nikasema. "Majira ya baridi mtu alificha pipa la mafuta machafu chini ya godoro. Likakutwa dampo, onyo akapewa mama yako. Wamemwambia la pili linamtoa kwenye lori."

Kisu kikasimama.

"Wanamtoa kabisa?"

"Kabisa. Dereva ndiye anayejibu kwa kilichomo."

Akamenya kiazi kimoja mpaka kikabaki kama njugu. Halafu machozi. "Babu, yale makopo... matatu tu ndiyo niliyokoroga. Yale kumi na moja nilinyunyiza mchanga juu. Chini ni maji."

Nikatazama saa. Lori lilikuwa karibu kufika dampo.

"Labda hawataona," akanong'ona.

"Labda. Na maji ya kisima chetu, nayo hayataona?"

Nikamsogezea simu. "Bi Arlys yuko pale mizani, malori yanapopimwa kabla ya kuingia dampo. Ongea mwenyewe."

Arlys amekaa kwenye kile kibanda cha mizani miaka ishirini. Mama mkali, lakini mwenye haki. Marit akaongea, akasema yote, hata minyoo. Halafu nikasikia, "Lori ni la tatu kwenye foleni. Nitamsimamisha kabla hajapanda mizani. Mwambie babu yako alete gunia, na wewe ulete mikono."

Nikaingiza tanurini bakuli la viazi, nyama ya kusaga na jibini, moto mdogo, tukaenda.

Tonya tulimkuta amesimama pembeni ya lori, mikono kiunoni. "Marit! Unataka wanitoe kwenye lori, nirudi kufagia ghala la watu?"

"Mama, nisamehe."

"Samahani haikaushi rangi. Shika mti huo, koroga!"

Basi tukateremsha makopo yote. Marit anamwaga mchanga, anakoroga, jasho linatoka, rangi ya kijani mpaka puani. Tonya naye akainama kusaidia, bado amenuna. Saa nzima. Mchanga unanyonya, rangi inakuwa nzito, inakuwa kama uji, inakuwa kama tope, mwishowe inavunjika vipande.

Arlys akaja na karatasi yake ya kuchujia, ile yenye ncha chini, akaiweka juu ya glasi. Akachota rangi kutoka chini ya kopo aliloliona baya zaidi, akaitia humo. "Dakika tano. Likidondoka tone moja, hayaingii."

Dakika ya pili, to! Tone la kijani.

Marit akafunika uso. Arlys akasema tu, "Ongezeni. Korogeni tena."

Tukakoroga tena, makopo yote. Karatasi mpya, glasi safi. Sote tumeinama kama kuku wanaochungulia funza. Dakika ya tatu, ncha ya karatasi ikalowa. Tonya akanishika mkono mpaka mifupa ikalia. Ya nne. Ya tano. Glasi kavu!

Tonya akamkumbatia binti yake, rangi ikahamia kwenye nguo zote mbili. Mimi nikakaa chini palepale.

"Na onyo?" Tonya akauliza.

"La nini? Lori halijapanda mizani." Arlys akamgeukia Marit. "Sikiliza, binti. Chini ya shimo hili kuna turubai nene, lakini maji yana subira kuliko turubai. Yakikusanyika yatatafuta njia, na njia yake ni visima vyetu. Kazi ya juu juu inadanganya macho, haidanganyi maji. Ulikosea jana. Leo umesema kabla ya kuulizwa, na hicho ndicho kilichomwokoa mama yako."

"Na mimi niliyekagua kwa macho tu?" nikauliza.

"Wewe, mzee, ukanunue kijiti."

Dampo lilipofungwa mchana, tukamlazimisha Arlys aje kwetu kula. Chakula kilikuwa kimeungua kingo zote, hakuna aliyejali. Tonya akachota kijiko, akakiinua hewani, akakitazama chini kwa makini. Tukahesabu wote kwa sauti mpaka tano. Hakikudondoka kitu.

"Kimepita," akasema Arlys, akavuta kiti. Marit akawa wa mwisho kuketi, kijani bado puani, tukala.