Kitanda Hakipandi Kontena Hili

"Tahir, njoo uone muujiza," Chausiku alisema.

Alikuwa amechuchumaa katikati ya ghala la mizigo, mbele yake kijisanduku cha plastiki chenye sola ndogo na feni. Aliifunika sola kwa kiganja. Feni ikaendelea kuzunguka kwa madaha yake.

Tahir alikuna shingo. "Si inafanya kazi? Shida iko wapi?"

"Inafanya kazi gizani. Sola gani hiyo?"

Alibandua kifuniko cha chini kwa ncha ya ufunguo. Ndani zilijilaza betri mbili za redio. Sola yenyewe haikuunganishwa na waya hata mmoja.

"Hili ni dude la kuchezea. Umelitoa Yide Lu, kwenye maduka ya midoli, usinidanganye."

Tahir alikuwa mchumba wake, mtoto wa Tanga aliyesafirisha nguo kutoka Guangzhou mwaka wa tisa sasa. Chausiku alikuwa mwalimu wa fizikia wa Pangani, aliyekuja kusoma shahada ya pili. Kwa miaka miwili alihangaikia jambo moja tu: sanduku la kufundishia nishati safi, lenye sola ya kweli, taa, mita ya kupimia umeme na kitabu cha Kiswahili alichokiandika mwenyewe. Walimu thelathini na wanane wa Handeni walikuwa wanalisubiri. Wangejifunza kulitumia wakati wa likizo, kisha wafundishe darasani na kwenye mikutano ya kijiji, kwa watu waliokwisha kuuziwa taa mbovu wakaapa kwamba sola zote ni utapeli.

Na kontena lilikuwa linafungwa kesho saa sita mchana. Likiwaacha, masanduku yangefika likizo imekwisha na walimu wametawanyika.

"Uliniambia kiwanda kimekwama," Chausiku alisema.

"Kimekwama kweli. Nikaona afadhali kitu kuliko kukosa kabisa. Ni watoto, Chau. Watajuaje?"

"Mtoto ndiye wa kwanza kujua. Atafunika kama nilivyofunika mimi, darasa zima licheke, mwalimu abaki amesimama na chaki yake. Siku hiyo hata akiwaambia jua linachomoza mashariki hawamwamini."

Alipiga simu kiwandani Foshan, akaweka sauti ya juu. Kichina chake cha kuungaunga kilitosha.

"Laobani, masanduku yangu yamefikia wapi?"

"Yako tayari wiki tatu," bosi wa kiwanda alijibu. "Mume wako alisema tusilete. Alisema hakuna nafasi."

Chausiku alikata simu, akageukia kontena. Chini, mbele ya mlango wake, palikuwa na kitanda cha futi sita kwa sita, kichwa chake kimenakshiwa dhahabu, na nyuma yake masofa. Kila kipande kilipigwa alama ya rangi ya kijani: WALIMU HANDENI.

Kontena lilikuwa la kuchangia. Kila mwenye mzigo alikuwa na alama yake, na Abubakary, wakala wa Dar aliyesimamia upakiaji, hakuwa na muda wa kuuliza kilichomo. Akiiona alama kwenye orodha, anapandisha. Mzigo usio na alama unabaki chini, hata uwe wa mama yake mzazi.

"Umekivisha kitanda alama ya walimu," Chausiku alisema polepole.

"Kitanda chetu. Mimi nina watu nyumbani. Bibi harusi anaingia nyumba yenye nini? Mama ameshawaonyesha shangazi zangu wote picha."

Kana kwamba ameitwa, Bi Shamsia, mama yake Tahir, akapiga. Tahir alipokea, akanong'ona, kisha akamkabidhi Chausiku simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hayo masanduku si yatakuja na kontena jingine? Watu watakuja kuangalia vyombo. Usiniaibishe mbele yao."

"Mama, nitaingia nyumba tupu, na wenye la kusema waje wanisemee mlangoni. Nafasi hii si yangu wala si ya Tahir. Ni ya walimu."

"Kumbe ndivyo ulivyo?"

"Ndivyo nilivyo, mama. Afadhali umejua mapema."

Tahir alipopokonya simu, macho yalikuwa yamemwiva.

"Ukikiacha kitanda hicho chini, umeiacha na ndoa."

Moyo ulimwuma Chausiku, na uliuma kweli. Alimpenda mwanamume huyu aliyemletea mihogo ya kuchemsha maktaba kila Jumapili ya mitihani. Lakini aliinama, akachukua brashi na kopo la rangi nyeusi, akaanza kuifuta alama ya walimu. Alianza na kitanda, akamalizia na masofa.

"Dada, ukifuta hiyo sipandishi," Abubakary alionya. "Kisicho na alama hakipandi."

"Ndicho ninachotaka, kaka."

Abubakary alimtazama Tahir. "Niwie radhi, ndugu yangu. Orodha ni orodha."

Tahir alitoka bila kuaga. Chausiku alifuta machozi kwa mkono wenye rangi, akawaandikia walimu kwenye kundi lao la WhatsApp:

"Walimu wangu, vifaa vilivyoletwa ghalani ni vya uongo, nimevikataa. Vya kweli viko kiwandani, sijui kama nitawahi. Kosa ni langu. Nilimwachia mtu ukaguzi kwa sababu nampenda."

Mwalimu Elinami, kiongozi wao, alijibu papo hapo: "Tuliwaahidi wazazi jua, hatukuwaahidi betri. Pambana, mwalimu."

Akapambana. Mchana huo aliwapigia madereva kumi na mmoja, na wote wakamjibu "meiyou", hakuna gari. Ulikuwa msimu wa maonyesho ya biashara Pazhou, kila lori lilikuwa limeshakodiwa. Asubuhi alirudi ghalani mikono mitupu, akakaa juu ya kitanda kilichofutwa. Abubakary alianza kutazama saa.

Saa tano kasorobo lori la kubebea mboga liliingia kinyumenyume. Tahir aliteremka, shati limejaa vumbi.

"Yote thelathini na nane," alisema. "Nimeyajaribu jana juani, moja moja, hadi laobani akadhani nimerukwa na akili. Mawili yalikuwa mabovu, amebadilisha."

"Lori halinunui msamaha, Tahir."

"Najua."

"Waambie walimu. Kwa sauti yako na kwa jina lako."

Tahir aliipokea simu aliyompa, kundi la walimu likiwa wazi. Mfanyabiashara wa Guangzhou akikosa jina, amekosa kila kitu. Akabonyeza kurekodi.

"Naitwa Tahir. Mimi ndiye niliyewanunulia uongo, nikaweka kitanda changu kwenye nafasi yenu. Mwalimu Chausiku hakujua. Nilitaka watu wanisifu kwa samani. Nisameheni."

Kisha Elinami akatuma sauti: "Tumekusikia, bwana. Uje kwenye semina utubebee masanduku."

Chausiku alicheka bila kutaka. Akachukua rangi ya kijani, akapiga alama sanduku la kwanza, akampa Tahir brashi apige la pili. Hakumwambia neno la mapenzi, na yeye hakuliomba. Walipiga alama hadi la mwisho, Abubakary akayapandisha na kufunga milango.

Simu ya Tahir ikaita. Alisikiliza, akaziba kwa mkono.

"Mama anauliza kama harusi ipo, na kitanda kimefikia wapi."

Chausiku alimtazama usoni, akanyoosha mkono kuichukua simu.

"Shikamoo mama. Kitanda kimebaki China. Bibi harusi yuko njiani."